Saini 757 za Wilaya ya 13

Tarehe 2 Januari 1996, mji ukiwa bado na uchovu wa mwaka mpya, watu wachache wa kampeni waliingia katika chumba kitupu cha Bodi ya Uchaguzi ya Chicago, wakaketi na kuanza kusoma majina. Hawakusoma majina ya wagombea. Walisoma ya watu wa kawaida waliowadhamini wagombea hao kwa saini: jina, anwani, mwandiko. Walikwenda mstari kwa mstari, kila saini wakiilinganisha na daftari la wapigakura.

Walikuwa wakimfanyia kazi wakili wa miaka 34 ambaye hajawahi kugombea cheo chochote cha serikali.

Walipomaliza, hakubaki na mpinzani hata mmoja kwenye mchujo, kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake.

Kwetu, habari za Barack Obama huanzia Kogelo, zikaruka hadi hotuba ya Boston ya 2004, kisha Ikulu. Kiti chake cha kwanza, cha seneta wa Wilaya ya 13 katika Bunge la Jimbo la Illinois, tunakipita kama kituo ambacho basi halisimami. Mimi nimesimama hapo kwa wiki kadhaa na Obama siye aliyenisimamisha. Kilichonisimamisha ni orodha ya wote waliokikalia. Tangu 1991 kiti hicho kimebadilisha mtu mara nne: Richard Newhouse akampisha Alice Palmer, Palmer akampisha Obama, Obama akampisha Kwame Raoul, Raoul akampisha Robert Peters.

Katika mara hizo nne, hakuna hata mmoja aliyeingia kwa kushindana na mtu kwenye mchujo wa chama chake.

Hata mmoja.

## Mchujo ndio uchaguzi

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Illinois ni jimbo, kwa maana ya moja kati ya yale 50 yanayounda Marekani. Ndani yake kuna wilaya 59 za seneti, na kila wilaya ya seneti hukatwa vipande viwili kupata wilaya 118 za Baraza la Wawakilishi. Wilaya ya 13 ya seneti ina wilaya ya 25 na ya 26 za baraza ndani ya tumbo lake. Hesabu haibadiliki: zidisha namba ya seneti kwa mbili upate kipande cha pili, toa moja upate cha kwanza. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 12,419,293 katika Illinois, kwa hiyo kila seneta alipaswa kuwakilisha watu 210,500 hivi.

Wilaya yenyewe iko kusini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Moyo wake ni Hyde Park, mtaa wa chuo kikuu, na majirani zake Kenwood, Woodlawn na South Shore. Ni ngome ya chama cha Democratic. Novemba 1996 Obama alipata kura 48,592. David Whitehead wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, alipata 7,461. Mgombea wa Republican, Rosette Caldwell Peyton, alipata 3,091.

Soma tena namba hizo. Chama kikuu cha upinzani nchini kilitoka wa tatu kwa asilimia tano hivi. Mahali kama hapo uchaguzi wa Novemba ni sherehe ya kuapisha, na uamuzi huwa umekwisha kufanyika kwenye mchujo wa Machi. Ukiuondoa ushindani wa Machi, umeondoa uchaguzi.

## Siku ishirini

Newhouse aliingia seneti Januari 1967 na akakaa hadi 1991. Mwaka 1975 alithubutu kumkabili meya Richard J. Daley kwenye mchujo wa umeya wa Chicago, jambo ambalo wakati ule lilihitaji kifua, na akashindwa. Alipoondoka, Alice Palmer aliteuliwa kushika nafasi yake, kisha akaendelea kuitetea mwenyewe.

Mwaka 1995 Palmer aliutazama mlango mkubwa zaidi. Mel Reynolds, mbunge wa wilaya ya 2 ya Illinois katika Bunge la Marekani, alikuwa anakabiliwa na mashtaka ya makosa ya ngono na msichana mdogo. Palmer akatangaza kuutaka ubunge huo na akamuunga mkono Obama arithi kiti chake cha seneti. Agosti Reynolds akapatikana na hatia, baadaye akajiuzulu. Obama akatangaza Septemba.

Mchujo wa kujaza nafasi ya Reynolds uliitishwa mapema, Novemba 28. Jesse Jackson Jr. alishinda, Emil Jones, seneta mwenzake Palmer katika jimbo, akawa wa pili, na Palmer wa tatu kwa karibu asilimia 10.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Wafuasi wa Palmer walimtaka Obama ajitoe ili mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa: alikwisha kufungua kampeni, watu wamemwekea fedha na muda. Kila upande una simulizi lake kuhusu nani alimwahidi nani nini, na simwoni mtu atakayeimaliza kesi hiyo. Ninachoweza kukishika mkononi ni kalenda. Tangu Novemba 28 hadi Desemba 18, siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu, ni siku 20. Baridi ya Chicago, Wamarekani wako katikati ya sikukuu zao, na unatakiwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba ukiomba saini.

Palmer aliwasilisha saini karibu 1,580. Zilizotakiwa ni 757. Kwa macho ya kawaida amevuka mara mbili.

Obama alikuwa amewasilisha zake siku ya kwanza kabisa, Desemba 11, zaidi ya 3,000.

## Saini inavyokufa

Msomaji wa Tanzania ana neno tayari kwa kilichofuata: pingamizi. Ila sheria za Illinois zina meno mengi kuliko wengi wanavyodhani, na ni vema kujua saini hufaje.

Aliyetia saini lazima awe amejiandikisha kupiga kura, kwa anwani ileile aliyoiandika, na anwani hiyo iwe ndani ya wilaya. Ukihama mtaa bila kubadilisha usajili, saini yako imekufa. Ukiishi ng'ambo ya barabara ambayo ndiyo mpaka, imekufa pia. Ukiandika jina lako kwa herufi zilizoachana ilhali kadi yako ya usajili ina mwandiko wa kuunganisha, mpingaji atasema si wewe. Mke akimtilia mume saini ili kuokoa muda, hiyo nayo kwaheri.

Kisha kuna mtu aliyezunguka na karatasi. Chini ya kila ukurasa anaapa mbele ya mthibitishaji wa viapo kwamba watu hao walitia saini mbele yake. Enzi hizo naye alitakiwa kuwa mpigakura aliyesajiliwa. Kama hakuwa, ukurasa mzima uliweza kuondoka naye, na ukurasa ni mistari mingi. Karatasi nazo ziwe na namba zinazofuatana na zishonwe pamoja kama kitabu. Saini ya kabla ya siku 90 kuelekea mwisho wa kuwasilisha haihesabiwi.

Ndiyo maana wazoefu wa Chicago hawakusanyi idadi inayotakiwa. Hukusanya mara tatu au nne yake, hukagua wenyewe kwanza na kufuta mbovu kabla adui hajaziona. Obama alikuwa na karibu mara nne. Palmer mara mbili na kidogo, zilizokusanywa kwa pupa.

Ukaguzi ulipokwisha, karibu theluthi mbili ya saini za Palmer zilikuwa zimeanguka. Alipungukiwa na 200 hivi. Mgombea mwingine, Gha-is Askia, aliwasilisha 1,899 akapungukiwa na 69. Wa tatu, Marc Ewell, aliwasilisha 1,286 akapungukiwa na 86. Mgombea wa nne, Ulmer Lynch Jr., naye akaenguliwa. Palmer alijitoa Januari 17.

Sisemi kulikuwa na hila. Kila saini iliyoanguka ilianguka kwa kanuni iliyoandikwa. Obama mwenyewe, alipoulizwa miaka 11 baadaye, alijibu kwamba walifuata sheria zilizokuwapo.

Lakini mtazame Askia. Watu 1,899 waliandika kwamba wanataka jina lake liwe kwenye karatasi ya kura. Ewell naye alikwenda mahakama ya shirikisho akilalamika kwamba maelfu ya majina ya wilaya hiyo yalifutwa daftarini muda mfupi kabla. Mtu aliyefutwa bila kujua anatia saini kwa moyo mweupe, na mkusanya saini hana njia ya kulijua hilo akiwa mlangoni. Kosa la mkusanyaji na kosa la daftari vinatoka na alama ileile nyekundu.

Machi 1996 wanachama wa Democratic wa Wilaya ya 13 walikuta jina moja. Kapita bila kupingwa, kama tusemavyo.

## Mlango wa nyuma, halali kabisa

Kama ni Obama peke yake, ningesema ni kisa cha Chicago na kulala. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba huyu aliyewaengua wenzake ndiye, kati ya wale wanne, aliyepita karibu zaidi na wapigakura. Wengine watatu waliteuliwa.

Katiba ya Illinois ya 1970 inasema kiti cha bunge kikiwa wazi, kijazwe kwa uteuzi ndani ya siku 30, na mteule atoke chama kilekile cha aliyeondoka. Gavana hana sauti hapo. Wanaoteua ni viongozi wa chama wa kata ambazo vipande vyake vimo ndani ya wilaya. Nao hawapigi kura sawa kwa sawa. Uzito wa kila mmoja unategemea kura zilizopigwa katika kipande cha kata yake kilichomo wilayani. Kiongozi ambaye kata yake kubwa imelala yote ndani ya wilaya anaweza kuwazidi watatu ambao wilaya inagusa pindo tu za kata zao. Mgombea anayejua hesabu hii haendi kwenye mikutano ya hadhara. Anakwenda kunywa kahawa na watu wachache aliokwisha kuwahesabu.

Obama alishinda useneta wa Marekani Novemba 2, 2004. Akajiuzulu kiti cha jimbo Novemba 4. Novemba 6 Raoul, wakili mzaliwa wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, alikuwa seneta mteule.

Siku mbili, kwa nafasi ya kuwawakilisha watu laki mbili.

Na kuna tarakimu moja zaidi katika katiba ile, ambayo watu wengi hawaijui: miezi 28. Kipindi cha seneta kikiwa kimebakiza zaidi ya miezi 28, mteule hukaa hadi uchaguzi mkuu unaofuata tu, kisha wananchi wakaamua nani amalizie. Kikiwa kimebakiza pungufu ya hapo, mteule anamaliza chote. Kipindi cha Obama kilikuwa kiishe Januari 2007. Kutoka Novemba 2004 ni miezi 26. Raoul alipokwenda mbele ya wapigakura mwaka 2006 alikuwa tayari seneta, mwenye ofisi, wafanyakazi na miswada yenye jina lake.

Raoul naye alichaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois Novemba 2018, na Peters akateuliwa Januari 2019. Kipindi kilikuwa kimebakiza miaka miwili. Pungufu ya 28 tena.

## Bahati nasibu iliyochora ramani

Sehemu hii naipenda kwa sababu inafanana na mchezo wa watoto, ila ina uzito wa miaka kumi.

Kila baada ya sensa, Illinois huchora upya mipaka. Bunge likishindwa kukubaliana, kazi huenda kwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu kwa vyama. Tume nayo ikikwama, huandikwa majina mawili, moja la kila chama, na katibu wa jimbo huchomoa moja. Aliyechomolewa anakuwa mjumbe wa tisa, na chama chake kinachora ramani. Democratic walishinda bahati nasibu hiyo mwaka 1981, Republican 1991, Democratic tena 2001.

Ile ya 1991 ndiyo iliyowapa Republican seneti kuanzia 1993 hadi mwanzoni mwa 2003. Maana yake, miaka sita ya mwanzo ya Obama huko Springfield, makao makuu ya Illinois, ilikuwa ya kukaa upande wa wachache, chini ya rais wa seneti wa Republican ambaye ndiye aliyeamua mswada upi uone jua. Watu hucheka kwamba alibonyeza kitufe cha "nipo" mara 129 badala ya ndiyo au hapana. Wajue tu kwamba mswada huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59, kwa hiyo "nipo" huuangusha sawasawa na hapana, ila hauachi picha mbaya kwenye kipeperushi cha mpinzani.

Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye ubunge wa Marekani, akapata asilimia 30 dhidi ya 61. Hakupoteza kiti cha seneti. Maseneta wa Illinois huchaguliwa kwa vipindi vya miaka minne, minne na miwili, vikipangwa kwa zamu tofauti, na Obama alikuwa amechaguliwa 1998 kwa minne. Ukitaka kujua kwa nini seneta fulani wa Illinois ana ujasiri wa kugombea cheo kingine mwaka fulani, usimuulize. Tazama zamu yake.

Mwaka uliofuata aliketi Springfield mbele ya kompyuta na mtaalamu wa ramani wa chama chake, John Corrigan, wakaichora wilaya yake upya. Ile ya zamani ilitoka ziwani ikaenda magharibi, hadi Englewood, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Mpya ilipanda kaskazini ikifuata ufuo hadi Gold Coast, kwa matajiri wenye maghorofa yanayotazama maji. Weusi walibaki wengi, lakini sasa wilaya ilikuwa na wenye fedha ambao Englewood haikuwa nao, na mtu aliyekuwa akiwaza useneta wa Marekani aliwahitaji hao. Mwaka 2002 alisimama ndani ya ramani hiyo bila mpinzani: kura 48,717, asilimia 100.

Ukizijumlisha Machi 1996 na 2002 utaona jambo moja. Mara ya kwanza aliwapunguza wagombea ambao wapigakura wangechagua kati yao. Mara ya pili alikaa mezani wakati wapigakura wenyewe wakichaguliwa.

## Tatizo la hoja yangu

Hapa ndipo ninapoyumba, na nimeyumba kwa wiki nzima.

Tazama walichofanya hawa walioingia kwa mlango mwembamba. Mwaka 2003, Democratic waliposhika seneti na Emil Jones akawa rais wake, Obama alisimamia sheria ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi waliipinga mwanzoni, ikapita seneti bila kura hata moja ya kuipinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha hilo kwa sheria ya bunge. Raoul alisimamia seneti ilipofuta adhabu ya kifo, gavana akatia saini Machi 2011. Peters alikuwa mstari wa mbele katika kufuta dhamana ya fedha taslimu, na tangu Septemba 18, 2023 hakuna mtu Illinois anayekaa rumande kwa sababu tu hana pesa ya dhamana. Jimbo la kwanza tena.

Kwa wilaya moja, hiyo ni rekodi ambayo sehemu nyingi zenye mchujo wa kelele haziioti.

Na mlango mpana nao? Machi 20, 2018, katika wilaya ya 25 ya baraza, yaani humohumo ndani ya tumbo la 13, mwakilishi aliyekaa kitini miaka 40, Barbara Flynn Currie, alikuwa anastaafu. Wagombea saba walijitokeza. Curtis Tarver alishinda akiwa na chini ya theluthi moja ya kura. Siku hiyohiyo Raoul alishinda uteuzi wa Mwanasheria Mkuu katika kundi la wanane kwa asilimia 30 hivi. Kwa maneno mengine, wengi wa waliopiga kura walimtaka mtu mwingine. Chaguo lilikuwepo, tena pana, lakini aliyeshinda alitoka na wachache.

Basi nini? Nimejaribu kujiridhisha kwamba matunda yanausafisha mlango. Sikufaulu. Walioteuliwa wakawa wazuri kwa sababu wateuzi waliteua vizuri, na hakuna kifungu chochote kinachowalazimisha wateue vizuri tena. Peters alipata mshindani kwenye mchujo wa Machi 2020 akamshinda, na hilo nampa kwa mikono miwili. Ila alisimama pale tayari akiitwa seneta. Kumtetea aliyemo na kumchagua atakayeingia ni kura mbili tofauti, na ya pili wilaya hii haijaipiga kwa zaidi ya miaka 30.

Siku hizi mgombea wa seneti ya Illinois kutoka vyama vikubwa anahitaji saini 1,000, na haruhusiwi kupeleka zaidi ya 3,000. Mkakati wa kumwaga karatasi umewekewa dari, kwa hiyo ubora wa saini sasa una uzito kuliko wingi wake. Pingamizi bado lipo.

Mwaka 2025 Peters alitangaza kwamba anautaka ubunge wa Marekani wa wilaya ya 2. Ni ileile Palmer aliyoifuata mwaka 1995, ingawa mipaka imehamahama tangu hapo.

Yeyote atakayekiacha kiti hiki kabla ya kipindi chake kuisha, tarehe ya barua ya kujiuzulu ataichagua mwenyewe. Ukiiona, hesabu miezi iliyobaki hadi Januari ya mwisho wa kipindi. Kisha tafuta ramani ya kata.